Urefu wa Ombi la Mwalimu Pliizi

Mwalimu Pliizi alikuwa na kazi moja duniani, na aliipenda kuliko wengine wanavyoipenda siku ya mshahara: kuwafundisha watu wazima kuomba. Si kuomba Mungu, maana kwa hilo kila mtu alikuwa na pake pa kwenda, wala si kuomba barabarani. Aliwafundisha kuomba kwa Kiingereza, kwa adabu, vitu vya kawaida kabisa: maji, kijiko, taulo, chumba kisicho na kelele.

Darasa lake lilikuwa chumba cha chini cha hoteli kubwa, jirani na chumba cha kufulia, kisicho na dirisha hata la dawa. Humo alitandika meza vitambaa vyeupe, akapanga uma na visu na glasi, kana kwamba wageni wangeingia dakika yoyote. Wanafunzi wake walikuwa wahudumu wapya, wapagazi, watandika vitanda na wapokea wageni, na kila mmoja alilazimika kukaa upande wa mgeni kwanza. Mwalimu alisema hujui kumhudumia mtu mpaka umeketi kwenye kiti chake ukaionja haya ya kuomba. Kwa kuwa wengi waliona haya kweli, mara nyingi mgeni alikuwa yeye mwenyewe. Miaka nenda miaka rudi aliketi kwenye meza ile akiomba chai isiyokuwamo, akilalamikia kwa upole supu ambayo haikupikwa, akitoa shukrani kwa glasi tupu.

Jina la Pliizi walimpa wanafunzi, kwa sababu hakuna ombi lililopita mbele yake bila neno hilo likasalimika. Hata aliyepiga chafya aliambiwa, kwa utani, kwamba kuna kitu amekisahau. Lakini pliizi, alisema, ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani. Wenye lugha hii, aliwaambia, hawaombi kitu hivi hivi, wanakifunga kwanza, na ukubwa wa karatasi unategemea ukubwa wa kitu. Chumvi inafungwa kwa maneno mawili. Blanketi la ziada linataka zaidi: je, ningeweza kupata. Mtu asiseme nataka, aseme ningependa, maana anayesema nataka anaonekana kama askari aliyekuja kukamata. Na jambo likiwa zito, kama kumtaka mtu aliyekwisha kupanda ngazi na mizigo aishushe tena, hapo lugha inapiga magoti kabisa: samahani sana kwa kukusumbua, sijui kama ungeona vibaya, lakini je, pengine ingewezekana.

Wanafunzi walikuwa wakivunjika mbavu. Walimuuliza kwa nini mtu asiseme tu naomba, akaweka kaka au dada mbele, mambo yakaisha. Mwalimu akawajibu kwamba sisi tuna kaka na dada na mjomba na shangazi wa kutubebea adabu. Wao kila mtu ni wewe tu, mkubwa kwa mdogo, kwa hiyo adabu yote inabidi ibebwe na sentensi.

"Hawaombi kwa maneno," alipenda kusema. "Wanaomba kwa urefu."

Mkewe alijulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi, kwa sababu alishona nguo, na alishona vizuri. Cherehani yake ilikaa sebuleni kwao, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo. Jioni wanafunzi wazito waliletwa nyumbani kuongezewa masomo, na Fundi akawa anakanyaga cherehani yake huku watu wazima wakiombana radhi kwa Kiingereza juu ya kochi lake. Yeye hakukijua Kiingereza. Shule aliiacha mapema, na hakuna aliyemwona akijuta. Lakini masikio hayana mlango, na sentensi zile zilimwingia bila kubisha hodi, si maana zake, ila mwendo wake tu: wapi zinapanda, wapi zinasitasita, wapi zinajikunja na kutua. Aliweza kujua kwa mgongo kwamba mwanafunzi amekosea, kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Na alimtania mumewe bila huruma. Siku moja alimuuliza kama huko Ulaya mtu akichomwa na kitu huanza kwanza kuomba samahani. Mwalimu alitafakari kwa dhati, kama alivyotafakari kila swali, akasema ndiyo, hasa akichomwa. Fundi alicheka mpaka uzi ukakatika.

Basi huyo ndiye mtu ambaye asubuhi moja, akifunga vifungo vya shati, alianguka sakafuni pasipo kusema kitu. Kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote, na sauti ikaenda pamoja nao. Hospitalini alikaa kimya akiwatazama watu kwa macho yaliyo wazi kabisa, na huo ukimya wake ndio uliomvunja Fundi moyo, maana hakuwahi kuishi na mtu huyo bila maneno.

Kisha, mhudumu wa wodi alipokuwa akipita na sinia, mgonjwa akafungua mdomo. "Could I have some tea, please?" alisema, waziwazi, kama redio. Wodi nzima iligeuka. Binti yao, ambaye kazi yake ni kupokea simu za wateja wa kampuni ya bima, alilia machozi ya furaha, akamtafsiria mama yake kwamba baba anaomba chai. Chai ikaletwa. Mgonjwa akainywa kwa mkono wa kushoto, akasema, tena kwa Kiingereza, kwamba anashukuru sana, ni nzuri kweli. Fundi alimbusu kwenye paji la uso mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Furaha hiyo iliishi siku chache. Kiswahili hakikurudi. Lugha aliyonyonya, aliyogombana kwayo, aliyomchumbia mkewe, haikutoa hata ndiyo. Kilichobaki ni sentensi zile za darasani, zikiwa nzima, na matamshi yake yote. Muuguzi wa mazoezi ya kuzungumza, mwanamke mwenye subira ya ajabu, aliwakalisha akawaeleza. Yale ambayo mtu ameyasema mara nyingi kupita kiasi, alisema, wakati mwingine hukaa mahali pengine kichwani, mahali ambapo ugonjwa haukufika. Wengine hubakiwa na nyimbo, wengine na sala, wengine na kuhesabu. Wodi ya pili kuna mzee aliyebakiwa na matusi matupu, na mkewe anayapokea kwa shukrani. Huyu wenu, alisema, amebakiwa na adabu.

Fundi aliuliza kama mumewe anaelewa anachoambiwa. Muuguzi akasema anaelewa mengi, huenda karibu yote, na anajua anachotaka. Shida ni kwamba anaingiza mkono kwenye kabati na mkono unatoka na kile kilichomo, si kile alichokitafuta.

Mgonjwa aliporuhusiwa, Fundi alirudi naye nyumbani pamoja na maneno hayo. Aliyasikia, ila hakuyashika barabara, na kwa hiyo nyumba yao ikaingia katika gharika ya chai. Mwalimu akisema chai, chai inakuja. Akiomba orodha ya vyakula, binti anamsomea kwa sauti vilivyomo jikoni. Akiomba funguo za chumba, anapewa funguo. Na hapa ndipo ulipokuwa mtego ambao mtu wa kazi nyingine asingeutega: Mwalimu Pliizi alikuwa amewafundisha watu maisha yake yote kwamba mgeni mwenye adabu hakatai kilicholetwa. Kila walichompelekea alikipokea, akasema ni kizuri kweli, akakinywa. Angeletewa tofali angelisifu. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba wanakosea, mpaka mchana ule alipoomba chai mara tatu mfululizo, akaletewa mara tatu, akazinywa zote, kisha akalowa pale pale kitini. Aligeuza uso ukutani. Fundi alimwosha bila kusema neno, na huku anamwosha alihisi uso unamwaka, kwa sababu alianza kuelewa kwamba mtu huyu alikuwa akiwaomba msaada wiki nzima, nao walikuwa wakimjaza maji.

Kilichomfumbua macho kabisa ni pini. Alikuwa amemshonea mumewe mashati yanayofunguka mgongoni, ili kumvika iwe rahisi, na kwa uchovu alisahau pini moja kwenye pindo, upande wa kushoto, ule ulio hai. Alimvika, akamlaza, akaenda zake kwenye cherehani. Mara akasikia sauti kutoka chumbani. Haikuwa chai. Ilikuwa sentensi ndefu, iliyoanza chini, ikasita, ikajikunja, ikaomba radhi, ikapanda tena. Binti alitafsiri kutoka jikoni: baba anasema samahani sana kwa kukusumbua, lakini je, pengine ingewezekana apate mto mwingine. Binti akachukua mto.

Fundi hakuinuka mara moja. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio na haukwenda. Mto, mumewe alikuwa nao tayari, tena miwili. Ila si hilo lililomshika. Kilichomshika ni ule urefu. Tangu arudi nyumbani mumewe hakuwahi kutumia karatasi kubwa namna ile kufungia kitu. Aliingia chumbani mbio, akamgeuza, akafungua shati, akaiona pini imezama na doa la damu pembeni yake. Aliichomoa. Mwalimu akashusha pumzi ndefu, akasema ni nzuri kweli, asante.

Mtu amechomwa, na ameanza kwa kuomba samahani. Fundi alicheka na kulia kwa pamoja, hata binti akadhani mama yake naye ameshikwa na kitu. Halafu kicheko kikamwisha, ikabaki hali nyingine ambayo hakuwa ameizoea. Alisimama kando ya kitanda kama mtu aliyeingia mahali patakatifu akakumbuka kwamba amevaa viatu. Maneno yote ya mtu huyu yalikuwa yameharibika, hakuna hata moja lililokuwa na maana yake, na bado alikuwa amepata njia. Alikuwa amechagua. Katika vifusi vile alikuwa ameshika sentensi kwa urefu wake, akampelekea.

Kuanzia hapo aliacha kusikiliza anachoombwa, akasikiliza anavyoombwa. Maneno mawili na pliizi: kitu kidogo, mlango ufungwe, pazia livutwe, nzi afukuzwe. Sentensi ya katikati: choo, njaa, baridi, mguu umekufa ganzi. Ndefu: maumivu, au hofu. Ndani ya kila daraja ilibidi kubahatisha, na alibahatisha vibaya mara nyingi, lakini sasa alijua kama aende akitembea au aende akikimbia. Alimweleza muuguzi, akiogopa kidogo kuchekwa. Muuguzi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa na mgonjwa asubuhi nzima akijaribu, akasema hajawahi kuona jambo hilo, na kwamba atalifikiria akiwa njiani kwenda kwake. Binti naye akaanza kusikiliza hivyo hivyo. Kazini kwake alisikia sentensi za namna hiyo kutwa nzima, na alikiri kwamba hakuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini.

Si kwamba maisha yalikuwa mepesi. Kumnyanyua mtu mzima kutoka kitandani, kumwosha, kumlisha, kisha kukaa kushona sare za watu kwa mikono iliyochoka, ni kazi ya kumaliza mtu. Fundi alikonda. Wateja wakaanza kulalamika kwamba mishono inapinda, jambo ambalo halikuwahi kusemwa juu yake. Zilikuwapo asubuhi alizoamka akatamani, kwa kitambo kidogo tu, kwamba mtu mwingine aitikie sauti ile. Halafu anajiona mbaya, anainuka.

Ndipo akaja kaka mkubwa wa Mwalimu. Alikuwa dereva wa malori mstaafu, pande la mtu, mwenye roho nzuri na sauti ya kuongea na mtu aliye kwenye lori jingine. Alipanda ngazi zile akihema, akakaa na mdogo wake mchana kutwa. Mwalimu alimwomba funguo za chumba, binti akitafsiri. Akamwomba orodha ya vyakula. Akamsifu kwa kila kitu. Kaka alitoka chumbani amefuta macho kwa leso, akakaa sebuleni, akazungumza na shemeji yake taratibu, kwa kadiri alivyoweza kuwa taratibu. Yeye ana nyumba ya chini, hakuna ngazi, kuna uwanja wa kuota jua, na mkewe yupo nyumbani wakati wote. Mji wake ni mbali, safari ya siku nzima, hilo anajua, lakini Fundi atakuwa akija kila apatapo nafasi. Kazi yake ya kushona asiiache, ndiyo inayowalisha.

Fundi alisema Mwalimu angali na akili zake. Kaka mkubwa hakubisha kwa ukali. Aliuliza tu, kwa huzuni ya kweli, kama mtu mwenye akili zake anamwomba kaka yake aliyezaliwa naye funguo za chumba cha hoteli.

"Shemeji, huyu anadhani yuko hotelini," alisema. "Na aliye hotelini, hoteli yoyote ni sawa kwake."

Fundi alijaribu kumweleza habari za urefu. Alipojisikia akizieleza kwa sauti, zikamsikikia kama hadithi ambayo mke aliyechoka amejitungia ili asife moyo. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega, akasema atarudi na gari mwisho wa wiki ile, na kama watakuwa wameamua vingine, atakunywa chai aende zake.

Siku zile Fundi hakuwa na raha. Wakati mmoja aliona shemeji yake amekosea kabisa, wakati mwingine akaona kwamba kosa ni lake, kung'ang'ania mtu kwenye ghorofa ya tatu kwa sababu tu amemzoea. Alimwambia binti kwamba pengine baba mkubwa anasema kweli. Binti akanyamaza, na Fundi akauchukua ule ukimya kuwa ni ndiyo. Akatoa begi. Akapanga mashati yanayofunguka mgongoni, akayakagua moja moja kwa vidole, pindo kwa pindo, kama kuna pini. Mumewe alimtazama kutoka kitandani akipanga. Hakuomba kitu siku hiyo, hata chai.

Kaka mkubwa alifika kabla ya saa sita, gari akaliegesha chini mlangoni. Walimvika Mwalimu shati lake la zamani la vifungo mbele, wakamkalisha kwenye kiti sebuleni, begi likawekwa kando ya mlango. Binti alisimama karibu na baba yake. Kaka akachuchumaa mbele ya mdogo wake, magoti yakimlia.

"Mdogo wangu," akasema, "tunaenda kwangu. Umesikia?"

Mwalimu alimtazama kwa muda. "The bill, please," akasema.

Binti alitafsiri kwa sauti ndogo: anaomba hesabu yake. Kaka mkubwa akainamisha kichwa. Akasema, mnaona wenyewe, maskini, mwenyewe anajua kwamba anaondoka hotelini. Akamfunga mdogo wake kifungo cha shingo, kwa vidole vinene visivyozoea kazi hiyo, akauliza nani atashika miguu na nani atashika mabega.

Fundi alijua kwamba maneno mawili na pliizi ni kitu kidogo. Pengine kola ilimbana, pengine jua lilimpiga machoni. Alijua, lakini hakusema, kwa sababu hilo halikuthibitisha lolote, na kwa sababu ndani yake kulikuwa na mtu aliyechoka aliyetaka jambo liishe. Aliinama kuchukua begi.

"I was wondering," Mwalimu akasema.

Hakuwa akimsemesha kaka yake. Alikuwa amegeuza shingo mpaka mishipa imesimama, akimtafuta mkewe kwa macho. Sentensi ikaendelea. Ilishuka, ikasita, Fundi akadhani imekwisha, haikuwa imekwisha. Ikajikunja, ikafungua kitu katikati yake kama mtu anayerudi nyuma hatua moja kumpisha mwenziwe mlangoni, kisha ikapanda tena, polepole, na jasho likamtoka mwalimu kwenye paji la uso kwa kuibeba. Mdomo wake mbovu ulivuja mate na hakuacha. Ikatua.

Fundi alikuwa bado ameinama. Mwendo wa sentensi ile aliujua, ila tangu ugonjwa uingie hakuwahi kuusikia, na hata zamani aliusikia mara chache, maana mumewe aliifundisha siku ya mwisho ya mafunzo tu. Aliwahi kumuuliza kwa nini aiweke mwisho, na kwa nini iwe ndefu kupita kiasi. Akamjibu kwamba hiyo ni ya kuomba kitu ambacho mwenzako ana haki kamili ya kukunyima. Ndiyo maana ndani yake umempa nafasi ya kukataa, tena akatae bila kuona haya. Ukiifupisha, umemlazimisha.

"Anasemaje?" kaka mkubwa akamuuliza binti.

Binti alikuwa ameshika mdomo. "Anasema alikuwa anajiuliza kama pengine ingewezekana, na kama haiwezekani tafadhali useme tu hapana, apate yai la kuchemsha."

"Yai," kaka akasema.

"Haombi yai, baba mkubwa."

Wote wawili wakamtazama Fundi. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, kando ya begi, mikono imelegea mapajani. Mwili ulikuwa umemsisimka wote. Kwa muda wote huo alijiuliza kama mtu huyu anamjua, kama anajua aliko. Na mtu huyu alikuwa amekaa kwenye kitanda chake akimwona anavyokonda, akasikia mishono inavyopinda, akasikia kila neno lililosemwa sebuleni na dereva mwenye sauti ya malori, akapima yote. Na katika vichache alivyobakiwa navyo, hakuchagua sentensi ya maumivu, ingawa alikuwa nayo, na angejua kwamba Fundi angeikimbilia. Alichagua ile inayomwachia mkewe mlango wazi. Fundi aliogopa, kama mtu anavyoogopa mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Akamweleza shemeji yake, kwa maneno machache, kwamba huyu hakuomba kwako, ameomba kwangu. Ameomba kubaki, na ameniambia kwamba nikikataa, hatanilaumu.

Kaka mkubwa alimtazama mdogo wake aliyekuwa bado amepinda shingo, hajamwondolea mkewe macho, anasubiri. Anasubiri kama mtu aliyeomba kweli, ambaye hajui atajibiwa nini. Hata dereva aliliona hilo. Akajiinua kutoka pale alipochuchumaa, akakaa kwenye kochi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na wewe unamjibuje, shemeji?"

Fundi alijua fika anachoulizwa: ngazi zile, maji ya kuoga, usiku wa kuamka, mgongo wake mwenyewe. Aliupa uchovu wake nafasi ya kusema, kwa kuwa mumewe alikuwa ameupa nafasi hiyo. Kisha akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti, akamfungua kile kifungo cha shingo.

"Kaa, Mwalimu," akasema. "Hapa ni kwako. Hapa huombi."

Mwalimu Pliizi alifumba macho. Akayafumbua. Kitu kilipita usoni mwake, upande ule uliokuwa bado unaweza kupitwa na kitu, midomo ikacheza mara kadhaa bila sauti, na kila mtu akamwona anatafuta, anaweka pembeni, anatafuta tena.

"Water," akasema.

Wakasubiri lile neno jingine, kwa mazoea. Halikuja. Alikuwa amefunga mdomo, anamtazama mkewe kwa utulivu, kama mtu aliye nyumbani kwake ambaye ametaja anachokitaka. Binti akaanza kulia. Kaka mkubwa, ambaye hakujua Kiingereza zaidi ya alama za barabarani, hakuhitaji kutafsiriwa. Akalivuta begi, akalifungua, akaanza kutoa mashati na kuyakunja upya juu ya goti lake, vibaya.

Fundi akaenda jikoni kuleta maji.